Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: "hii ni madai", haya niende wapi?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi najenga Chanika, kijumba cha vyumba viwili tu. Mwezi wa pili nilipatana na fundi anipaulie kwa laki 9, akaomba laki 6 ya kuanzia nikamrushia kwenye simu, akaja siku mbili akasimamisha kenchi 4, akala na wali wangu, baada ya hapo ndo ikawa mara nauguliwa, mara niko Kibaha, mara hapatikani kabisa. Fundi maiko wa kweli. Masika ikanyeshea mbao zote zikapinda.

Nikaenda polisi (kituo sikitaji). Afande alinisikiliza vizuri tu, sina ugomvi nae, akasema "dada hii ni madai sio jinai, nenda mahakamani". Na naelewa sasa, mtu alishaanza kazi, kuthibitisha kwamba alikusudia kunitapeli toka mwanzo ni ngumu. Ila mahakama ipi? Mimi nikisikia mahakama nawaza wakili, nikiwaza wakili nawaza milioni. Nikakaa miezi 4 nimenuna.

Kumbe Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya hivi mpaka milioni 30, unaenda mwenyewe, unajieleza kwa Kiswahili chako. Kumbe makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, Sheria ya Mikataba, Sura 345, haiyakatai, we beba ushahidi tu: meseji ya muamala, chati za WhatsApp, picha za hizo kenchi, na mjumbe aliyekuwepo wakati tunapatana. Na unaweza kudai hasara pia, yaani sio laki 6 tu, hadi mbao zangu. Haya yote kaniambia msaidizi wa kisheria niliyekaa nae mkeka mmoja msibani. Msibani Mheshimiwa!

Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, na hiyo kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia sawa, ila mtu akishapigwa hela haendi uwanjani kusubiri kampeni, anakimbilia polisi au kwa mtendaji. Naomba basi ongea na wenzako wa Mambo ya Ndani, pale kaunta kiwepo kikaratasi, afande akisema "hii ni madai" akupe: mahakama iliyo karibu, ubebe nini, msaidizi wa kisheria wa kata ni nani na namba yake. Nusu ukurasa inatosha.

Kesi yangu inatajwa wiki ijayo. Samansi (wito wa mahakama) ilimfikia fundi Jumanne, Jumatano akanipigia kwa namba mpya, saivi naitwa "mama yangu".