Vijana, pigeni hesabu ya mkopo kabla ya kusaini

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wazazi na vijana waliomaliza form six. Msimu wa kuomba mkopo wa chuo ukifika watu wanajazana steshenari, wanakimbizana na cheti cha kuzaliwa na sahihi ya mtendaji, ila hesabu ya deni lenyewe hakuna anayeipiga.

Juzi mdogo wangu alikuja hapa Chamwino nimsaidie kujaza. Nikamuuliza unataka shilingi ngapi, akaniambia, "Kaka, mi nataka asilimia mia, ada, chakula, vitabu, fildi, kila kitu, si hela ya serikali." Nikageuza nyuma ya andalio langu la somo nikampa peni. Tukaweka milioni 4 kwa mwaka, miaka 3 milioni 12. Nikamwambia haya, umeajiriwa, mshahara laki 7, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, toa. Akapata makato ya 105,000 kwa mwezi. Gawa sasa ile milioni 12 kwa hiyo. Ikatoka miezi 114, yaani miaka tisa na nusu, na hapo ni kama ajira umeipata na haijakatika katikati. Akakaa kimya, akarudia kugawa mara ya pili akidhani kakosea.

Mimi nayajua hayo makato kwa sababu nimeyaishi. Nilivyokuwa chuo nilisaini tu, tulikuwa tunaambiwa asilimia 8, baadaye sheria ikabadilika ikawa 15, na juu yake kulikuwa na ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo kila mwaka, kwa hiyo mtu mwenye deni la milioni 9 alikuwa anaongezewa 540,000 kwa mwaka, unakatwa mwezi hadi mwezi na deni halisogei. Namshukuru sana Rais Samia kuiondoa mwaka 2021, ilitutesa kweli.

Sisemi watu wasikope. Bila mkopo mimi nisingesoma, mama alikuwa na ekari mbili za mtama na mvua za huku kwetu mnazijua. Ninachosema ni kila mtu akope akijua anaenda kulipa nini. Hela ya kujikimu ni elfu 10 kwa siku, bumu, yaani hela hiyo ikitolewa ya siku 60, ni laki 6 kwa mkupuo, na kijana ambaye hajawahi kushika laki moja anaanza na sabufa na simu kubwa. Na dogo tulikaa tukahesabu maisha ya Ng'ong'ona, mtaa wanaopanga wanafunzi wa chuo hapa Dodoma, chumba cha kushea, chai na chapati asubuhi, ugali maharage, jioni wanapika wenyewe, ikaja kama elfu 6 na mia 5 kwa siku. Kwa hiyo inayobaki iwekwe kwa ajili ya fildi na kuprinti ripoti, asije kuanza kukopa na kwa watu wa mtaani.

Ombi langu kwa Bodi, kwenye mfumo wa maombi wekeni sehemu inayomuonyesha mwombaji deni lake likifika mwisho litakuwa kiasi gani na atakatwa kwa miezi mingapi, aione kabla hajabonyeza kutuma. Na walimu wenzangu wa form six, hii ni hesabu ya dakika kumi ubaoni, tuwafanyie kabla hawajaondoka shuleni.

Mwalimu,
Chamwino, Dodoma