Si mchanganyiko wa wanyama unaochekesha

Bwana Mhariri,

Kwenye meza za michezo ya kuigiza wahusika, ile inayochezwa kwa kete na karatasi huku kiongozi akisimulia, watu wanarudia kusema kwamba dubwana lililoungwa kwa wanyama wawili ni la kuchekesha tu. Ninapinga, kwa sababu viongozi wengi wanatupa madubwana mazuri kwa hoja hiyo.

Mtazameni mamba muntu, dubwana la majini katika hadithi zetu. Nusu mwanamke, nusu samaki. Wachoraji wa Lubumbashi wamemchora miaka mingi, na watu wazima wakamtundika sebuleni. Hachekwi, kwa maana anatoa utajiri kisha anadai uhai wa ndugu yako, na mwenye deni kama hilo hana nafasi ya kushangaa mkia. Okapi naye, ukimweleza kwa mtu asiyemjua, jamaa wa twiga mwenye mapaja ya punda milia na ulimi unaofika jichoni, atasema umemtunga. Wanasayansi wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu. Lakini ndani ya msitu wa Ituri kila kiungo kina kazi: milia inampoteza katika mwanga uliokatikakatika chini ya miti, ulimi unachuma majani.

Kinacholeta kicheko ni kiungo kisicho na kazi, na zaidi ya hapo, dubwana lisilomgharimu mchezaji kitu.

Mdudu wa kutu wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka 1974, umbo lake lilichukuliwa kwenye kidoli cha plastiki cha bei rahisi. Kwa sura ni kichekesho. Hata hivyo wapiganaji wenye mapanga makali wanamkimbia, ingawa katika kanuni za 2014 ana pointi za uhai 27 tu. Silaha ya metali yoyote isiyo na uchawi ikimpiga, nguvu yake inapungua 1 kila mara, na upungufu ukifika 5 silaha imekwisha. Vipapasio vyake vya kichwani vinalila vazi la chuma vilevile, na harufu ya chuma anaipata kutoka futi 30. Kiongozi anaharibu mambo akimleta siku ya kwanza, wakati wachezaji wana visu vya kawaida na hawana cha kupoteza. Amlete baada ya upanga uliogharimu dhahabu yote ya kundi. Tena silaha ya shaba nayo haisalimiki ikimpiga. Mchezaji wa Katanga atakayeiacha shaba ya kwetu na kumkabili kwa rungu la mti amestahili kushinda.

Dubu-bundi, dubu mwenye kichwa cha bundi, alitoka katika vidoli hivyohivyo, na kwetu tatizo lake liko mahali pengine. Bundi hapa hana mzaha: akilia juu ya bati usiku, nyumba nzima inanyamaza. Anayeshindwa ni dubu, ambaye katika nchi hii hakuna anayemjua. Basi badilisha mwili uwe wa chui. Wote wawili wanawinda usiku, wote wanakuja kimya, kwa hiyo kichwa na mwili vinafanya kazi moja. Namba za kanuni za 2014 usiziguse: kinga 13, uhai 59, pigo moja la mdomo na moja la makucha. Ila usiseme "chui mwenye kichwa cha bundi", maana sentensi hiyo inachora katuni. Sema kwanza kwamba vyura wamenyamaza, kisha macho mawili ya duara yanayotazama bila kupepesa, yako juu kuliko kichwa cha mtu.

Konokono wa marungu, mwenye marungu mahali pa pembe, aliyechapishwa kitabuni 1981, sioni namna ya kumwokoa. Rungu ni kitu cha fundi. Likiota mwilini mwa mnyama, akili inaliuliza limetoka wapi, na hofu inakufa palepale.

Kigumu zaidi ni jogoo mwenye mkia wa joka anayegeuza watu jiwe, kwa sababu kuku tunamchinja Jumapili. Usimwonyeshe. Onyesha mbuzi wa jiwe aliyefungwa kamba, na kamba bado ni ya katani. Akimdonoa mtu, kanuni inataka kete ya pande 20 ifikishe 11, pamoja na nyongeza ya ustahimilivu wake; akishindwa anakakamaa, na mwisho wa zamu yake inayofuata anarusha tena, akishindwa mara ya pili anakuwa jiwe kwa saa 24. Viongozi wenye haraka wanarushisha kete zote mbili kwa mfululizo, na hapo ndipo wanapoipoteza hofu yote. Subiri zamu yake irudi. Wengine wacheze zao, na kila mmoja kabla ya kucheza aambiwe ugumu umefika wapi: vifundo, magoti, kiuno.

Mpenzi wa michezo ya mezani,
Kamalondo, Lubumbashi