Wagonjwa wa presha, kisukari na kifua wapewe dozi ya mazoezi

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mbio unapokaribia hapa Mbeya, redio na magazeti hujaa habari za mazoezi, na alfajiri barabara za jiji zinajaa vijana waliovaa fulana za mashindano. Nawapongeza sana. Leo naomba nafasi kwenye gazeti lako niwasemee watu wasioonekana kwenye picha hizo: wenye presha, wenye kisukari, wenye pumu, walioambiwa moyo umetanuka, na wale waliopona TB lakini kifua hakikurudi kama zamani. Hao ndio wanaohitaji mazoezi kuliko wengi wetu, na hao hao ndio tunaowakataza wasijichoshe.

Nina dada yangu mkubwa anayekaa kwenye mitaa iliyo chini ya Mlima Loleza. Alimaliza dawa za TB, akapimwa makohozi, akaambiwa amepona. Lakini akipandisha kutoka sokoni alikuwa anasimama kila baada ya nyumba chache, mkono kiunoni, mabega juu, mdomo wazi akitafuta hewa. Watoto wake wakamhurumia. Ndoo ikaondolewa mikononi mwake, ikafuata jembe, mwisho hata ufagio. "Bibi, kaa tu, tutaenda sisi," wajukuu wakawa wanasema, na walisema kwa mapenzi ya kweli. Haikupita miezi mingi akawa anatweta hata akitoka kitandani kwenda chooni. Ukoo mzima ukaamini TB imerudi. Akapimwa tena, hakukuwa na vimelea.

Kilichokuwa kimetokea hakitajwi sana tunapomuuguza mtu wa kifua. Mguu usiotumika hupungua nyama, na misuli iliyodhoofika haitumii vizuri oksijeni inayoletewa na damu. Kazi ile ile ndogo inauchosha mwili mapema, na mwili unadai hewa zaidi kutoka kwenye mapafu ambayo tayari yana upungufu. Mgonjwa anaogopa ile hali ya kuishiwa pumzi, anakaa zaidi, misuli inapungua tena, na kesho yake hatua chache tu zinamtoa jasho. Kovu ambalo TB imeliacha kwenye pafu halifutiki kwa mazoezi, na anayeahidi hivyo anadanganya. Lakini mapaja yanafundishika hata kwa mtu mwenye miaka 70, na moyo pia. Mapafu yakibaki vile vile, mtu bado anaweza kufika mbali zaidi kabla ya kusimama.

Dada aliangukia mikononi mwa mtaalamu wa mazoezi tiba aliyekuwa na subira. Alimwanzishia kutembea mahali tambarare kwa dakika chache, apumzike, aendelee. Akamfundisha kuketi na kusimama kwenye kiti bila kushika meza, ili mapaja yapate nguvu. Akamfundisha na kupumua: kuvuta hewa kwa pua, kisha kuitoa polepole kwa midomo iliyobinywa kama mtu anayepoza chai. Njia hiyo huzuia vijia vya hewa visijifunge mapema, na hofu nayo inatulia. Sasa anafagia uwanja wake mwenyewe, na sokoni anakwenda. Bado anasimama njiani, ila si kila baada ya nyumba chache.

Kinachoniumiza ni kwamba alimpata mtaalamu huyo kwa bahati. Kwa kawaida mgonjwa hutoka kliniki na mojawapo ya maneno mawili: "pumzika" au "fanya mazoezi". Hakuna anayemwandikia "meza dawa" halafu akaishia hapo. Dawa ina jina, ina kipimo, ina saa, na ukirudi unaulizwa umemezaje. Kwa nini mazoezi yasiandikwe hivyo hivyo?

Kipimo kipo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwatengea watu wazima wenye magonjwa sugu mapendekezo yao kwa mara ya kwanza, na likataja presha, kisukari cha aina ya pili, waliopona saratani na wanaoishi na VVU. Wanaoweza wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Asiyeweza aanze na kidogo, aongeze polepole. Mwendo wa wastani hauhitaji saa ya bei kubwa mkononi: ukiwa unatembea na unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, umefika. Kipimo hiki kinawafaa hasa wanaotumia dawa za presha kama atenolol, maana hizo hushusha mapigo ya moyo na kuyahesabu kunaweza kumpotosha mtu.

Kwa mwenye presha, mazoezi ya kutembea yakifanywa mfululizo hushusha ile namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Vidonge visiachwe, lakini punguzo hilo si dogo.

Sisi wa nyanda za juu tuna mambo yetu ya kuangalia. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi ni kupanda na kushuka. Mwenye mapafu mabovu asianze na mlima; atafute uwanja wa shule au barabara ya tambarare. Baridi ya Juni na Julai, hapa na kule Njombe, hubana vijia vya hewa vya mwenye pumu, na alfajiri moshi wa kuni na mkaa bado umelala chini. Tumezoeshwa kwamba mazoezi ni ya alfajiri. Mwenye kifua atembee saa nne, jua likishapanda, na kama daktari amempa dawa ya kuvuta atumie kabla ya kutoka, kadiri alivyoelekezwa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide abebe sukari au soda mfukoni, maana sukari ya mwili inaweza kushuka mno, avae viatu vya kufunika, na akirudi akague nyayo zake. Mwenye presha inayosoma 180 kwa 110 au zaidi amwone daktari kwanza. Na yeyote atakayesikia kifua kubana, kizunguzungu au moyo kwenda ovyo, asimame hapo hapo na atafute msaada.

Mikoa yetu ina sababu nyingine ya kulibeba suala hili. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiongoza kwa maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wazima, ikifuatiwa na Iringa, kisha Mbeya. Kwa neema ya dawa, wanaoishi na VVU sasa wanazeeka, na presha na kisukari vinawakuta kama vinavyowakuta wengine. Wanarudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa. Ni nafasi ambayo tayari ipo.

Kwa hiyo nawaomba waganga wakuu wa mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe waanze na kinachowezekana. Kuna kipimo cha kumtembeza mgonjwa dakika 6 kwenye korido ya mita 30 na kuandika amefika mita ngapi. Kinahitaji korido, saa, viti viwili, kifaa cha kidole cha kupima oksijeni na muuguzi aliyeelekezwa. Huko nje ambako huduma hii ni ya kawaida, wenye mapafu mabovu hufundishwa mazoezi kwa wiki 6 hadi 12, angalau mara mbili kwa wiki, na hayafanyiki kwenye majumba ya kifahari. Siku ya kliniki ya presha wagonjwa wetu hukaa kwenye mabenchi tangu asubuhi wakisubiri kuitwa. Muda huo unatosha kuwafundisha wote kuketi na kusimama, na namna ya kupumua.

Na wahandisi wanaopanua barabara kuu kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi watuachie njia ya miguu iliyo pana na isiyo na mashimo. Mzee wa Uyole mwenye moyo mgonjwa hawezi kutimiza dakika zake akipishana na bodaboda na malori ya Tunduma.

Kwenye daftari la mgonjwa, chini ya majina ya dawa, pawepo mstari mmoja zaidi: dakika ngapi, siku ngapi kwa wiki, na akirudi aulizwe amefikia wapi.

Mwalimu mstaafu,
Mbeya