Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama cha wapenda michezo, Kigoma, Desemba 2018

Ndugu Makamu Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu wa Ujiji ambao kama kawaida mmefika kabla ya sisi wa Mwanga, ndugu wanachama wote: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa yake kabla ya hesabu. Hesabu atazisoma mweka hazina, na kwa ninavyomfahamu hataruka jina hata moja la mdaiwa wa ada. Mimi nitayapitia haraka mambo ya kawaida, kisha nitatua kwenye lile lililonifanya nisemwe mwaka mzima vijiweni: uamuzi wa kamati wa kutumia kikao kizima cha Machi, na baadaye sehemu ya bonanza la Agosti, kuchambua timu ya wanawake ya Nigeria ya bobsledi, mchezo wa kuteremka kwenye barafu, iliyokwenda Olimpiki ya Majira ya Baridi kule PyeongChang, Korea Kusini, ikashika mkia.

Vikao vya kamati vilifanyika na akidi ilitimia, isipokuwa kile cha Juni kilichogongana na Kombe la Dunia. Hakuna aliyetuma udhuru kwa sababu udhuru wenyewe ulikuwa unajulikana. Kombe tulilitazama pamoja mpaka Ufaransa walipolibeba. Afrika ilipeleka timu tano Urusi na zote tano ziliishia hatua ya makundi, Senegal ikitolewa kwa wingi wa kadi za njano tu mbele ya Japani. Nyumbani, Simba walitwaa ubingwa wa ligi wa 2017/18. Wanachama wa Yanga wameomba nisiendelee na hapo, nami naheshimu ombi lao. Tumefiwa pia mwaka huu, na katibu atasoma majina ya marehemu kabla hatujaingia kwenye ajenda ya tatu.

Sasa nije PyeongChang.

Michezo ile ilichezwa kuanzia tarehe 9 hadi 25 Februari. Zilikwenda nchi 92, na nane kati yake zilitoka Afrika: Afrika Kusini, Eritrea, Ghana, Kenya, Madagaska, Moroko, Nigeria na Togo. Afrika haikuwahi kupeleka nchi nyingi kiasi hicho kwenye Olimpiki ya baridi. Medali hatukupata hata moja, wakati Norwei peke yao waliondoka na 39. Tanzania hatukuwepo, na hatujawahi kuwepo. Kila jambo hili linapotajwa hakosekani mwanachama wa kutukumbusha kwamba sisi ndio wenye Kilimanjaro. Ni kweli tunayo, lakini hakuna aliyewahi kufuzu Olimpiki kwa kuwa na mlima.

Kwa wale ambao hawakuhudhuria kikao cha Machi, bobsledi ni chombo kisicho na injini wala magurudumu, kimekaa juu ya vyuma vinne vilivyong'arishwa, kinateremka kwenye mfereji wa barafu wenye kona. Kwa wanawake wanakaa wawili. Wanakisukuma kwa mbio, wanarukia ndani, wa mbele ambaye ndiye rubani anakiongoza kwa kuvuta kamba mbili, wa nyuma anainamisha kichwa na kungoja. Mfereji wa PyeongChang ulikuwa na kona 16 na mwendo unazidi kilomita 120 kwa saa. Wanashuka mara nne kwa siku mbili, muda unajumlishwa.

Siku ya kwanza ya wanawake, tarehe 20 Februari, tulikodi banda umiza, kibanda cha kulipia kutazama televisheni, pale Mwanga. Korea wametutangulia kwa saa sita, kwa hiyo usiku wao ulikuwa mchana wetu, na joto la mle ndani mchana mnalijua. Vijana waliokuwa nje walidhani ni mechi ya Ulaya. Wakalipa, wakaingia, wakakuta wanawake wenye kofia ngumu wanajikunja ndani ya kitu kama mtumbwi. Hawakutoka. Mzee wetu mmoja wa Ujiji, mvuvi mstaafu, akauliza breki iko wapi. Akajibiwa kwamba breki ipo, ila haivutwi mpaka mstari wa mwisho umeshapita. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi hao dada zetu wana roho." Umeme ulikatika katikati ya shughuli tukawasha jenereta, na ndiyo maana mtakuta kifungu cha petroli cha Februari kwenye hesabu. Naomba mtu asimsumbue mweka hazina kwa hilo.

Matokeo ni haya. Zilianza timu 20 na Nigeria, rubani Seun Adigun na mshika breki Akuoma Omeoga, ilimaliza ya mwisho. Mwenzao wa tatu, Ngozi Onwumere, alikuwa akiba. Kwenye skeletoni, ambako mtu anateremka peke yake kifudifudi kichwa kikitangulia, Simidele Adeagbo wa Nigeria alikuwa wa mwisho kati ya wanawake 20, na Akwasi Frimpong wa Ghana wa mwisho kati ya wanaume 30. Ukiishia kwenye jedwali, hiyo ndiyo taarifa yote. Kamati yangu haikutaka kuishia kwenye jedwali.

Adigun alikuwa mkimbiaji wa kuruka viunzi mita 100, na aliiwakilisha Nigeria kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Baadaye akaingia kwenye bobsledi kama mshika breki katika timu ya Marekani, alikokulia, kisha akaamua kuianzishia Nigeria timu yake. Sledi hakuwa nayo, akajitengenezea ya mbao kwenye gereji kule Houston, akaipa jina Maeflower, na wenzake wakajifunza kusukuma na kurukia humo kabla hawajagusa barafu. Fedha walichangisha kwa watu mtandaoni, lengo likiwa dola 75,000. Makampuni makubwa yalikuja baadaye, mambo yalipokwisha kuonekana. Shirikisho la mchezo huo la Nigeria nalo liliundwa kwa sababu walikuwepo wao. Ili kufuzu walitakiwa kumaliza mashindano matano kwenye njia tatu tofauti, wakayamaliza Marekani na Kanada kufikia Novemba 2017. Hapo ndipo timu ya kwanza ya bobsledi kutoka Afrika ilipopata tiketi ya Olimpiki.

Kwa nini basi walikuwa wa mwisho? Katika kikao cha Machi wanachama kadhaa walisimama wakamtaja mzee wetu John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, ukumbi ukapiga makofi, na mjadala ukataka kufia hapo. Nilikataa, na leo naeleza sababu. Akhwari alipoingia uwanjani kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, alikuwa mkimbiaji kamili aliyeanguka njiani akaumia goti. Kati ya 75 walioanza alimaliza wa 57, na nyuma yake hakukuwa na mtu isipokuwa waliojitoa. Pale kuna ajali na kuna ushujaa. Adigun na Omeoga hawakuumia. Walishuka mara nne salama salimini, na bado kila aliyeshindana nao alikuwa na kasi kuliko wao. Kuwapigia makofi ya Akhwari ni kuwaonea huruma wasiyoiomba, na huruma haifundishi mtu kitu.

Sababu kubwa kuliko zote ya wao kuwa wa mwisho ni rubani. Adigun alikuwa na msimu mmoja na kitu wa kuongoza sledi. Rubani huijua njia kwa kuiteremka tena na tena, na kila njia ina kona zake. Ujerumani wakati huo walikuwa na njia nne ndani ya nchi yao: Altenberg, Königssee, Oberhof na Winterberg. Afrika nzima haina hata moja. Chombo nacho kina nafasi yake. Wamarekani waliundiwa sledi na wahandisi wa BMW kwa ajili ya Olimpiki ya Sochi 2014, na mtu hawezi kushindana na hilo kwa sledi ya kuungaunga. Kisha kuna ule mwanzo, mita kama 50 za kusukuma. Watu wa mchezo huo wanasema sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiipoteza juu, kule chini inakuwa kama tatu. Msidhani ni kidogo: dhahabu na fedha za wanawake zilitenganishwa na sekunde 0.07.

Na dhahabu hiyo aliichukua nani? Mariama Jamanka wa Ujerumani, akiwa na Lisa Buckwitz. Baba yake Jamanka ni Mgambia. Alikuwa mrusha nyundo, akaingia bobsledi mwaka 2013, na miaka mitano baadaye akawa bingwa wa Olimpiki. Naomba wale wanaosema barafu haikuumbiwa watu wa rangi yetu walipeleke jambo hilo nyumbani walale nalo. Wote hawa wawili, Jamanka na Adigun, walitoka riadha. Jamanka alikuta njia, makocha na sledi vinamsubiri. Adigun alikuta mbao dukani.

Jirani zetu Wakenya wana somo lao. Philip Boit alikwenda Olimpiki ya baridi ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho kwenye skii za kilomita 10, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alimsubiri mstarini akamkumbatia. Dunia nzima iliipenda picha ile. Boit akarudi 2002 na 2006. Baada yake Kenya haikuwa na mtu Olimpiki ya baridi mpaka mwaka huu, alipotokea Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, akawa wa 38 kwenye mbio moja ya kuteremka na skii, mbele ya wengine kadhaa. Miaka 12 pengo limekaa wazi kwa sababu Boit alikuwa mtu mmoja, na alipostaafu nyuma yake hakukuwa na mtoto anayefundishwa. Wanigeria tutawapima Beijing 2022 kwa kipimo hichohicho.

Sasa bonanza la Agosti, maana hilo nalo limesemwa sana. Tuliweka shindano la kusukuma mkokoteni wenye magunia mawili ya mchanga, mita 30, watu wawili wawili, saa ya simu mkononi mwa katibu. Tulikuwa na vijana wa sekondari wanaotamba kwenye mita 100, na tulikuwa na vijana wa mikokoteni wa bandarini waliokuja kwa ajili ya soda. Vijana wa bandarini waliwaacha wanafunzi mbali. Nilisimama karibu nikaona: wanafunzi kila mmoja aliondoka kwa wakati wake, mkokoteni ukapinda kushoto, wakapoteza muda kuunyoosha. Wa bandarini mmoja alitoa mguno mfupi, mabega yote mawili yakashuka pamoja, na gurudumu likawa limeshaondoka. Mwalimu mmoja wa michezo aliyekuwepo aliwapimia papo hapo mbio za kawaida, bila mkokoteni, na mmoja wao akamkaribia sana bingwa wa shule yake. Kijana huyo aliachia darasa la saba. Hakuna aliyewahi kumpima.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, ndugu wanachama. Kuna vijana wetu walioleta kwenye kamati pendekezo la kuanzisha tawi la bobsledi Kigoma. Nawapenda kwa moyo wao, lakini pendekezo nililipinga kwenye kamati na ninalipinga hapa. Wale dada walifika barafuni kwa sababu walikuwa wameshajengwa kwenye tartani, yaani kwenye njia ya riadha, na kujengwa huko ndiko sisi tunakokosa. Kigoma tunajulikana kwa mpira, tumewatoa kina Juma Kaseja, na mpira umetuziba macho. Mtoto anakimbia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akibahatika anakimbia UMISSETA, ya sekondari, muda wake unaandikwa kwenye karatasi inayopotea na mkeka wa chumba cha kulala, na mwaka unaofuata tunaanza upya na mtoto mwingine. Medali za Olimpiki za nchi hii ni mbili tu, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980, na zote mbili zilitoka kwenye mbio.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili. Kwanza, chama kinunue saa za kupimia muda na kifungue daftari la kudumu la mbio za mita 30 na 60 kwa watoto wa shule za Manispaa, pamoja na vijana walio nje ya shule, wa bandarini na mialoni wakiwemo. Daftari likae kwa katibu na nakala ipelekwe kwa Afisa Michezo. Pili, fedha zilizobaki kwenye fungu la bonanza zisirudishwe kwenye fungu la safari ya kwenda kuangalia mechi ya watani, Simba na Yanga, kama baadhi yenu mlivyoomba kwa maandishi, bali zigharimie viatu na nauli za watoto watakaofanya vizuri kwenye daftari hilo. Najua pendekezo la pili lina wapinzani, na wengine wamekaa mstari wa mbele wananitazama. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono mara baada ya mweka hazina kumaliza, na wenye deni la ada zaidi ya mwaka hawataruhusiwa kupiga, kama katiba inavyosema.

Naomba kuwasilisha.