Kikapu kilichorudi na mabibo

Newala, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Songea, na wanao hawajambo? Sisi tu wazima, ila jua la Novemba unalijua, na mvua bado. Korosho tunaokota, vumbi tunakula.

Uliniuliza kwenye simu imekuwaje watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto Wakatoliki, wa kigango chetu siku hizi wanaonekana barabarani na vikapu vya chupa za maji, salio likaisha kabla sijakujibu. Basi nakuandikia.

Wewe umekulia Ndanda, ambako chemchemi zinashuka zenyewe kutoka mlimani, kwa hiyo huenda umesahau shida ya huku juu. Ardhi yetu ni mchanga. Mvua ikinyesha inazama yote, inakwenda kutokea chini mabondeni. Ndiyo maana maji ya bomba yanasukumwa kwa mashine kutoka Mitema, huko bondeni, hadi huku, na ndiyo maana mama zetu walikuwa wanashuka mteremko alfajiri na kurudi jua limeshapanda, ndoo kichwani. Mtu wa Newala akikupa kata ya maji, amekupa miguu yake.

Sasa nikuambie kilichonisukuma. Mwaka jana, sikukuu ya mavuno, mimi mwenyewe niliwagawia watoto maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Yalikuwa yametulia, meupe, yanang'aa. Sikuyachemsha. Kufika Jumanne watoto 11 wanaharisha, na mdogo wao mmoja akalazwa siku mbili, ametundikiwa dripu. Alipona, Mungu ni mwema, lakini usiku ule nililia. Nilitoa kwa moyo safi kitu kilichokuwa kichafu, na mtoto wa watu ndiye aliyelipa.

Tangu hapo nimeona siwezi kuwafundisha sadaka bila kuwafundisha usafi wa kile wanachotoa. Jumamosi moja nilikuja na bilauri mbili za maji yaliyochemshwa. Moja nilikuwa nimeikoroga chumvi nyumbani. Nikawauliza ipi ni tofauti. Wakainama, wakazigeuzageuza juani, wakasema zote sawa. Nikampa kila mmoja tone mdomoni kwa kijiko. Ungeziona nyuso! Nikawaambia: kama chumvi nyingi hivi haionekani, mdudu wa kipindupindu mtamwonaje kwa macho? Hawajasahau hadi leo. Akija mgeni akasema maji haya ni meupe, wanamjibu kwa pamoja, "Na chumvi je?"

Kuchemsha ndiyo njia tuliyozoea, lakini kuni za kila siku si kila nyumba inaziweza, na vidonge vya kutibu maji, kile kimoja kwa ndoo ya lita 20 kisha unasubiri nusu saa, vinapatikana leo, kesho hakuna. Kwa hiyo watoto wanatumia jua, ambalo kwetu halina bei. Wanachukua chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita mbili, wanazisugua, wanabandua karatasi. Maji yakiwa na tope wanayaacha yatulie, halafu wanayachuja kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne. Wanajaza, wanafunga vifuniko, wanazilaza juu ya bati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mbingu ikiwa na mawingu mengi, zinalala juani siku mbili nzima. Na nimeweka sharti moja: kila mtoto anywe kwanza chupa moja kati ya alizoziandaa. Asichoweza kukinywa yeye, asimpelekee mtu.

Niliwasimulia pia habari za Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, aliyeanzisha Utoto Mtakatifu mwaka 1843 kwa kuwaomba watoto Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Tunaendelea kuchanga sarafu, usidhani tumeacha. Lakini sarafu mtoto anapewa na mama yake akiwa mlangoni, anaidumbukiza, basi. Chupa hii ameiosha mwenyewe, amepanda ngazi, amechunga mbuzi wasiiangushe. Kijana mmoja alitaka kuandika jina lake kwenye chupa zake kwa makaa ili wazee wajue nani kaleta. Tulikaa naye chini ya mwembe, taratibu, tukazungumza juu ya mkono wa kushoto usiojua unachofanya wa kuume. Alizifuta mwenyewe.

Wanawapelekea wazee wasioweza tena kwenda bombani. Wa kwanza ni yule bibi Mwislamu wa nyuma ya kanisa, unamkumbuka, aliyekuwa anatusukia mikeka. Mtoto akaniuliza, "Mama mlezi, na yeye ni wetu?" Nikamwambia, Yesu pale kisima cha Sikari alimwomba maji mwanamke Msamaria, na Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana, lakini yeye mwenye kiu hakuuliza kwanza kama ni wa kwao.

Jumapili iliyopita walikwenda kwake na chupa nne. Leo kikapu kimerudi, na unajua kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu: bibi amekijaza mabibo mekundu, yaliyooshwa, yamefunikwa kwa jani la mgomba. Ameyaosha, dada. Kwa maji yale yale. Watoto walikaa kimya, kisha binti mmoja wa darasa la pili akasema, "Sasa amebakiwa na maji gani ya kunywa?" Wakanyanyuka bila mimi kusema neno, wakarudi na chupa nyingine mbili.

Mabibo tuliyala. Niliogopa kuyakataa, angeumia. Wewe ungefanyaje?

Ukija Krismasi nibebee chupa tupu za lita moja na nusu, nyingi kadiri utakavyoweza, na vifuniko vyake, maana vifuniko ndivyo vinavyopotea. Wasalimie wote nyumbani, shemeji hasa.

Ni mimi dada yako katika Kristo,
Mlezi wa watoto