Stoney ya London si ile ya Ngamiani

London, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mtoto hajambo, mama yake hajambo, nami namshukuru Mungu. Baridi tu ndiyo inayonitesa magoti. Ujumbe wako nimeusoma, na kabla ya mengine nikujibu lile uliloniuliza mwishoni. Stoney, soda yetu ya tangawizi, ipo huku? Ipo. Lakini si ile tunayoijua mimi na wewe huko Ngamiani, Tanga, na nimeitafuta mpaka mitaa ya London imenizoea.

Unanijua. Jua la saa nane bila Stoney baridi mimi silimalizi. Na mdogo wangu, huyu mzazi niliyekuja kumtunza, ni vilevile, tena yeye ana miaka hajaigusa. Arobaini haijaisha, namkorogea uji wa pilipili manga, nampikia mtori, anakula vizuri, halafu siku moja akaniambia: "Dada, vyote vitamu, ila roho yangu iko kwenye Stoney." Basi nikaona hilo nalo ni la mzazi, lazima litafutwe.

Nilianza na duka kubwa lililo jirani. Shoga, soda za tangawizi zimejaa rafu nzima! Ipo Old Jamaica ya kopo, inawasha kidogo, haichukizi. Ipo Fever-Tree, vichupa vidogo, na wanajieleza kwamba tangawizi yao inatoka Nigeria, Kodivaa na Cochin kule India. Hiyo ni kali kwelikweli, lakini imepimwa kwa watu wa kuchanganyia vileo, kwa hiyo inaisha kabla kiu haijaisha. Ipo na Fentimans, jina la tangu 1905, chupa yake inapendeza machoni. Nilishaitia kikapuni, nikaigeuza kusoma maandishi ya nyuma: inachachushwa, na inabaki na kilevi kisichozidi asilimia 0.5. Wenyeji wanaihesabu soda kama soda nyingine. Mimi nikairudisha mahali pake. Ukijaliwa kuja huku, soma nyuma ya chupa kabla ya kulipa.

Nikaelekezwa Peckham, mtaa wa Rye Lane, maduka ya Waafrika mlango kwa mlango. Nilipoona magimbi, ndizi za kupika na samaki wakavu nikajua nimefika. Lakini Afrika ya pale ni ya Magharibi. Friji zimejaa Supermalt, kinywaji cha kimea ambacho chenyewe kinatengenezwa Denmark. Mama muuzaji alinisikiliza kwa upole, akafungua friji moja baada ya nyingine ili nione kwa macho yangu, na akasikitika kwa dhati kwamba hana. Nilinunua magimbi kwake.

Njiani nikaingia duka la Wapakistani, nikakutana na Vimto, ile sharubati. Ile ile ambayo jamaa wa Maskati wanatuletea kila Ramadhani, tunaihesabu ya Waarabu, kumbe ilizaliwa hapa Uingereza, Manchester, mwaka 1908. Huku ipo hata ya kopo yenye gesi, na watu wanakunywa mwaka mzima bila kungoja adhana.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Mombasa aliyekuja kwenye akika ya mtoto. Akasema, mbona unaitafuta kwa Waswahili? Stoney ilianza kuuzwa Afrika Kusini, mwaka 1971, na watu wa Afrika Kusini wamejaa upande wa Wimbledon na Putney, wana maduka yao. Kesho yake nikapanda treni. Duka dogo, nyama kavu zimening'inizwa, achari za Mrs Ball's zimepangwa, na kwenye friji, chini kabisa, makopo ya Stoney. Kwa bei ya kopo moja, huko kwa Mangi ungepata zaidi ya chupa tano. Nikanunua hivyo hivyo.

Tukazitia barafuni, tukafungua pamoja jikoni mtoto amelala. Harufu ni yenyewe. Funda la kwanza linapanda puani kama inavyotakiwa. Mdogo wangu akafumba macho, akanywa mpaka nusu ndipo akaniangalia, akasema, "Ni yenyewe, na siyo." Utamu unakatika mapema, na ule mwasho wa Stoney ya kwetu, unaoshuka hadi kifuani na kutulia pale, hapa haushuki.

Sababu nimeifuatilia. Afrika Kusini walianza kutoza kodi ya sukari kwenye soda tarehe 1 Aprili 2018, kwa kila gramu inayozidi nne katika mililita 100, na viwanda vikapunguza sukari. Uingereza nao wakaanza ya kwao tarehe 6 Aprili, mwaka huo huo. Sizipingi kodi hizo. Kisukari kimetuondolea wazee wengi mno. Ila tangawizi ikipungukiwa sukari hubaki na ukali wa juu juu.

Na ya kwetu si rahisi kuikuta dukani hapa. Stoney ni soda ya Coca-Cola: kampuni inatoa kiini, kisha kila kiwanda kinatia maji, sukari na gesi, na kwa kawaida kinauza ndani ya eneo lake. Tanzania peke yake wapo Coca-Cola Kwanza Dar es Salaam, Bonite Moshi na Nyanza Mwanza, kila mmoja na mikoa yake. Halafu ile chupa ya kahawia inatakiwa irudi kiwandani ioshwe na kujazwa tena. Ikipanda meli kuja Ulaya imepotea. Anayeitaka abebe mwenyewe.

Ndiyo maana nakuomba hili. Shemeji akija kwenye semina mwezi ujao, mpe Stoney nne za plastiki. Ya kioo ni tamu zaidi, hilo hunibishii, kwa sababu kioo hakipitishi gesi na plastiki hupitisha kidogo kidogo. Basi chagua zilizotoka kiwandani karibuni, usinunue zilizokaa juani. Asizibebe mkononi, kinywaji kinachozidi mililita 100 anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege. Aziweke kwenye sanduku la chini, kila moja ndani ya mfuko wake, azifunge na zile khanga ambazo mama atakupa za mdogo wangu. Mbili za mzazi, moja ya yule mama wa Mombasa, moja yangu.

Mama usiache kumpitia, na umwambie mtoto ameanza kucheka. Nisalimie majirani wote wa barabara ya kumi na mbili.

Shoga yako akupendaye