Msitu wa Ngezi upatiwe njia ya familia kutembelea

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe ombi kwa wanaosimamia Msitu wa Hifadhi wa Ngezi, uliopo Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ombi langu ni kwamba itengenezwe ndani ya msitu huo njia moja fupi ya miguu ambayo mtoto wa miaka minne, mama aliyebeba mtoto mchanga na bibi anayetembelea mkongojo wataweza kuifuata pamoja, kwa mwendo wao, mpaka mwisho.

Kinachonisukuma kuandika ni jambo ninaloliona siku za Sikukuu na nyakati za likizo za skuli. Gari zilizojaa familia hutoka Wete, Chake Chake na hata Mkoani, hupita Konde, huingia katika kivuli cha Ngezi na kutokea upande wa pili kuelekea pwani ya Vumawimbi, wala hashuki mtu. Siwalaumu wazazi, kwani anayesafiri na watoto watano na chakula cha mchana hawezi kujitosa katika njia asiyojua inaishia wapi, ina matope kiasi gani na itamchukua muda gani. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi wa Pemba wanakua wakiujua msitu huu kwa kuuona dirishani tu.

Hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu Ngezi ni sehemu iliyobakia ya misitu iliyokuwa imetanda katika kisiwa chetu kabla ya kufyekwa kupisha mikarafuu katika karne ya 19. Ndani yake mna mivule mirefu, na mna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba peke yake. Wamo pia kima punju walioletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Ndege wanne wa kisiwa hiki, yaani ninga, chozi, kibundi na ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, hawana kwao kwengine duniani. Popo wetu mkubwa naye ni wa Pemba tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amekaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti yake ya kulala, na aliyemuokoa ni mwanakijiji wa kawaida aliyekubali kuacha kumwinda na kuanza kumlinda, kama walivyofanya watu wa kijiji cha Kidike. Mtoto wa leo anastahili kuoneshwa matunda ya uamuzi huo wa wazee wake.

Njia yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Mzunguko wa kilomita moja, unaoanzia na kumalizikia pale pale langoni, unatosha kabisa kwa familia, mradi uwe na mahali pa kukatisha katikati kwa mwenye mtoto aliyeanza kulia. Katika kila mita mia mbili kuwe na nguzo inayoonesha umbali uliobakia, na jirani yake benchi chini ya kivuli. Njia iwe na upana wa kupishana watu wawili, na pale mizizi inapojitokeza ifunikwe kwa udongo na majani badala ya kukatwa, kwa sababu akina mama wetu hutembea na mabuibui na watoto huvaa ndara, na mzizi mmoja uliojificha unatosha kumwangusha mtu.

Sehemu inayohitaji kufikiriwa zaidi ni ile ya maji. Ngezi ina mabwawa na ardhi oevu, na mvua za masika zinapoingia mwezi wa Machi hadi Mei udongo hulegea na kila anayepita hutafuta pakavu pembeni, hivyo njia huzidi kupanuka na miche iliyo kando yake hukanyagwa. Dawa ya hali hiyo tunayo hapa hapa Zanzibar. Kule Pete, katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyoanzishwa mwaka 2004, ipo njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mikoko, na mtu huipita maji yakiwa yamejaa au yametoka bila ya kulowa na bila ya kukanyaga mizizi. Ngezi nayo ijengewe njia kama hiyo katika sehemu zake oevu, yenye vizuizi viwili pembeni, kimoja cha kushikwa na mtu mzima na kingine cha chini kwa ajili ya mtoto, na mbao zake zipigiliwe wavu wa waya ili zisiteleze. Naomba pia isiwe na ngazi, ili mwenye kiti cha magurudumu asibaki getini akiwasubiri wenziwe.

Vibao vya maelezo viandikwe kwa Kiswahili na vitumie majina ya miti wanayoyatumia watu wa Makangale na Konde. Kibao cha kibundi ningependa kiandikwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa wengi wetu tulilelewa kuamini kuwa sauti ya bundi ni ishara ya msiba, na mtoto akielezwa kwamba ndege huyu yupo Pemba tu huenda akamsikiliza kwa hamu. Kuhusu popo, watoto waelezwe kuwa mchana ndio usiku wao, na kwamba kelele huwarusha na kuwachosha bure. Choo, maji ya kunywa na ya kutawadha, na mahali pa kusali langoni ni mambo ambayo hayahitaji maelezo marefu. Kiingilio cha wenyeji kiandikwe getini kwa shilingi, mzazi akijue kabla ya kushusha watoto.

Wapo watakaosema kuwa kukaribisha familia nyingi ni kuuharibu msitu. Hofu hiyo naiheshimu, na ndiyo maana naomba njia moja tu, ipitishwe mbali na miti wanayolala popo, na siku za Sikukuu watu waingie kwa makundi madogo wakiongozwa na vijana wa shehia jirani ambao watalipwa kwa kazi hiyo. Mguu uliopewa njia nzuri hauna haja ya kwenda pembeni. Na kama tumeweza kuwatengea watoto viwanja vya kufurahia Sikukuu pale Tibirinzi, hatushindwi kuwatengea kilomita moja ya kivuli.

Naiomba Idara ya Misitu, pamoja na kamati za uhifadhi za shehia zinazouzunguka msitu, ianze na sehemu oevu katika kiangazi kinachokuja, kabla ya masika kurudi, na iwaite wazazi na walimu wa skuli za Konde na Makangale waipite njia hiyo na watoto wao kabla haijafunguliwa rasmi, ili waseme wenyewe ni wapi panapohitaji kurekebishwa.

Ahsante.

Msomaji wako,
Wete, Pemba